Magari ya Spoti ya Zamani: Injeksheni Iliyong'olewa Ni Hasara ya Nani?

Mnunuzi wa gari la spoti la zamani huuliza swali moja kabla ya kutoa fedha: lipi bora, la kabureta au la injeksheni? Anayelijibu kwa neno moja huenda ana gari la kuuza. Soko lenyewe limekwisha kutoa majibu mawili yanayopingana, na yote mawili yameandikwa kwa fedha.

Jibu la kwanza ni la Ferrari 308. Ilipoonyeshwa mwaka 1975 ilikuwa na kabureta nne za Weber na nguvu farasi 255. Mwaka 1980 kiwanda kiliziondoa kabureta hizo kwa sababu ya sheria za moshi, kikaweka injeksheni ya Bosch, na nguvu ikashuka hadi 214. Magari ya paa gumu ya aina hiyo ya injeksheni, yaani GTBi, yalitengenezwa 494 tu. Kwa kawaida ya soko kitu kichache kama hicho kingepaswa kuwa ghali. Lakini wanunuzi hulipa zaidi kwa gari la kabureta lililotangulia, na hulipa zaidi pia kwa toleo la Quattrovalvole la mwaka 1982 lililorudishiwa nguvu hadi farasi 240.

Jibu la pili ni la Chevrolet Corvette ya mwaka 1957. Mwaka huo yalitoka Corvette 6,339, na kati ya hizo 1,040 zilikuwa na injeksheni ya Rochester. Wenye magari wengi wa wakati ule waliichoka mapema, wakaing'oa na kufunga kabureta. Leo mtu mwenye Corvette hiyo ikiwa na injeksheni yake ya kuzaliwa ameshika mali ambayo mwenye gari la kabureta la mwaka huohuo haifikii.

Kutokana na majibu hayo mawili inaonekana wazi kwamba soko halilipii teknolojia kwa ajili ya teknolojia. Linalipia kile kilichotoka kiwandani na ambacho bado kinafanya kazi, hasa kikiwa ndicho kilicholipa gari hilo sifa yake. Kwa mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo, tofauti hiyo si maneno ya wapenzi wa magari. Ndiyo faida yake au hasara yake.

KAZI NI ILEILE

Kwa wasomaji wasiozoea gereji, maelezo mafupi yanatosha. Injini ya petroli inahitaji mafuta na hewa kwa kipimo. Kabureta hupata kipimo hicho kwa mvuto wa hewa: hewa inapopita kwenye koo jembamba, mgandamizo wake hushuka, nayo petroli huvutwa kupitia tundu dogo liitwalo jeti. Ndani kuna boya la kuzuia petroli isifurike, kama lile la tangi la maji la nyumbani. Hakuna pampu ya nguvu nyingi wala umeme wa maana. Fundi mwenye bisibisi, sikio zuri na subira anaweza kuirekebisha chini ya mwembe.

Injeksheni haingoji mvuto. Pampu husukuma petroli kwa nguvu hadi kwenye nozo, na kifaa kingine huamua kiasi. Katika magari ya miaka ya 1950 na 1960 kifaa hicho kilikuwa cha chuma kitupu, chenye vijiti, kamu na springi zilizochongwa kwa usahihi kama wa saa. Miaka ya 1970 ukaja mfumo wa K-Jetronic, ambao hunyunyiza mafuta bila kukatika, pamoja na L-Jetronic, unaoendeshwa na kisanduku cha umeme. Haya ni mambo matatu tofauti chini ya jina moja, na kosa la kwanza la mnunuzi ni kuyaweka katika kapu moja.

Mfano mkubwa wa ile ya chuma ni Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka 1954, lile gari la milango ya kufunguka juu kama mabawa. Yalitengenezwa 1,400 ya aina hiyo. Injini yake ya silinda sita, ilipokuwa na kabureta katika magari mengine ya kampuni, ilitoa karibu nusu ya nguvu iliyotoa kwa injeksheni. Hata hivyo ilikuwa na tabia moja mbaya. Dereva akizima switchi, pampu iliendelea kusukuma petroli hadi injini isimame kabisa, na petroli hiyo ikateremka kuchanganyika na oili. Gari hilo huuzwa kwa zaidi ya dola milioni 1, na bado mwenyewe hubadilisha oili mara kwa mara kuliko mwenye pikapu ya kubebea matofali.

CORVETTE: FUNZO LA BEI

Historia ya Corvette inafaa kusomwa na kila mfanyabiashara, hata asiyependa magari. Mwaka 1957 injeksheni ilikuwa nyongeza ya hiari ya dola 484.20, wakati gari zima lilikuwa chini kidogo ya dola 3,200. Injini kubwa zaidi ya aina hiyo ilitangazwa kutoa nguvu farasi 283 kutoka kwa injini ya inchi za ujazo 283, yaani farasi mmoja kwa kila inchi. Tangazo lilivuta watu, lakini mafundi wa mitaani hawakufundishwa vya kutosha. Uchafu kidogo kwenye nozo ulitosha kuharibu mwendo, na injini iliyopata joto ikizimwa iliweza kugoma kuwaka. Mwenye gari aliyechoka kungoja fundi aliona heri kabureta.

Kilichoiua injeksheni hiyo, hata hivyo, ni hesabu. Mwaka 1965 mnunuzi aliyetaka injeksheni alilipa dola 538 kupata nguvu farasi 375. Mwaka huohuo kiwanda kilileta injini kubwa ya inchi 396 yenye kabureta, farasi 425, kwa dola 292.70. Nguvu zaidi kwa fedha pungufu. Magari ya injeksheni yaliyouzwa mwaka huo yalikuwa 771, na baada ya hapo kiwanda kikaiacha. Kwa mtu aliyetaka mbio tu, uamuzi ule ulikuwa sahihi kabisa. Lakini zile injeksheni zilizong'olewa zikatupwa kwenye rafu za gereji, nyingine zikauzwa kama vyuma chakavu, ndizo zilizokuja kutafutwa kwa tochi miaka ya baadaye.

Hapo ndipo ulaghai ulipoingia. Nembo za injeksheni za kubandika ubavuni zinanunuliwa kwa urahisi, na hata mtambo wenyewe unaweza kutolewa gari moja kufungwa jingine. Namba ya chasi ya Corvette ya 1957 pekee haisemi kama gari lilitoka na injeksheni. Inabidi zitazamwe namba zilizogongwa kwenye injini, tarehe za vyuma, na karatasi za mauzo kama zipo. Anayelipa bei ya injeksheni kwa sababu ameona nembo amenunua mbuzi kwenye gunia.

TRIUMPH: HAPA FEDHA NDOGO HUPOTEA

Corvette na Ferrari ni za wenye mtaji mnene. Mwekezaji mdogo hukutana na suala hili hasa kwenye Triumph za Uingereza, na hapo kuna ya kujifunza zaidi.

Mwaka 1967 Triumph ilitoa TR5 yenye injini ya silinda sita, sentimita za ujazo 2,498, na injeksheni ya Lucas. Nguvu iliyotangazwa ilikuwa farasi 150. Kwa Marekani, kwa sababu ya bei na sheria za moshi, kiwanda kilipeleka gari hilohilo likiwa na kabureta mbili za Stromberg, likaitwa TR250. Zilitengenezwa TR5 2,947 na TR250 8,484. Aliyefuata, TR6, alitengenezwa hadi mwaka 1976 kwa mpango huohuo: injeksheni kwa Uingereza na masoko mengine machache, kabureta kwa Marekani ambako magari mengi zaidi yalikwenda.

Injeksheni ya Lucas ilipata jina baya, na sehemu ya jina hilo ilistahili. Pampu yake ya umeme ilikaa kwenye buti, ikisukuma petroli kwa mgandamizo wa zaidi ya paundi 100 kwa inchi ya mraba. Siku ya joto, tangi likiwa karibu tupu, petroli inayozunguka ilipata moto, pampu ikapoteza nguvu na gari likazima. Hadithi ya Waingereza kuweka pakiti ya njegere za barafu juu ya pampu ili wafike nyumbani si kichekesho cha kutunga. Kama hali ilikuwa hivyo katika kiangazi cha Uingereza, msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam anaweza kukisia yaliyobaki.

Wengi wakafanya walichofanya Wamarekani wa Corvette. Waling'oa injeksheni, wakafunga kabureta, wakaendelea na safari. Halafu mambo yakageuka. Mafundi bingwa wa Uingereza walijifunza mfumo huo hadi mwisho wake, pampu ya zamani ikapata mbadala wa Bosch unaostahimili joto, vipimia mafuta vikaanza kufufuliwa vizuri kuliko vilivyotoka kiwandani. Ubaya uliofanya watu waing'oe umepungua sana, lakini sifa mbaya imebaki, na pengo hilo kati ya sifa na ukweli ndilo mahali ambapo mnunuzi makini hupata faida.

Chukua magari mawili ya TR6 yanayofanana kwa bodi na rangi. Namba zinazofuata ni za kuonyesha hesabu tu, si bei za soko la wiki hii. La kwanza liliondolewa injeksheni zamani, vyuma vyake havijulikani viliko, na mwenyewe anataka pauni 18,000. La pili lina injeksheni inayofanya kazi na risiti za fundi, linatakiwa pauni 22,000. Mnunuzi wa haraka huona ameokoa pauni 4,000. Lakini kurudisha injeksheni kunataka kipimia mafuta, pampu, nozo sita, milango ya hewa, mabomba na kazi ya fundi anayeujua mfumo. Ikigharimu pauni 4,500, gari la kwanza limefika pauni 22,500, tena baada ya miezi ya kukaa gereji bila kuuzika. Asiporudisha, siku ya kuuza atakutana na mnunuzi anayejua hesabu hii kuliko yeye. Rahisi, wahenga walisema, ni ghali.

Kinyume chake, gari hilo la kwanza likija na sanduku lenye vyuma vyote vilivyotolewa, hesabu inabadilika kabisa. Sanduku hilo ni sehemu ya mali. Kuna wauzaji wasiojua thamani yake, ambao huliacha kwenye banda kwa sababu mnunuzi hakuuliza. Mnunuzi aulize.

Tena kuna jambo la herufi. TR6 zilizotoka na injeksheni zina namba za chasi zinazoanza na CP, na za baadaye, zilizopunguzwa nguvu hadi farasi 125, zinaanza na CR. Zilizoanza na CC au CF zilitoka na kabureta. Magari mengi yaliyopelekwa Marekani yamerudishwa Uingereza, mengine yamehamishiwa usukani kulia na kufungwa injeksheni. Hakuna ubaya katika kazi hiyo ikiwa imetangazwa na bei imeshuka ipasavyo. Ubaya ni gari la CF kuuzwa kwa bei ya CP. Hati ya kumbukumbu za kiwanda kutoka jumba la Gaydon, Uingereza, hugharimu kidogo sana ukilinganisha na kosa la namna hiyo.

GARI LA SAFARI RALI

Afrika Mashariki ina ushahidi wake. Peugeot 404 haikuwa gari la spoti, lakini ile ya injeksheni ndiyo iliyompa Bert Shankland, dereva aliyeishi Tanzania, ushindi wa Safari Rali mwaka 1966 na tena 1967. Kwa hiyo wanaodai kuwa injeksheni ya zamani haiwezi vumbi na mashimo ya kwetu wamesahau matope ya miaka hiyo. Jambo ambalo husahauliwa upande wa pili ni kwamba gari la rali lilihudumiwa na mafundi njia nzima. Mnunuzi wa kawaida hana mafundi wa kumfuata Voi.

Kisha ikaja Datsun 240Z. Edgar Herrmann alishinda nayo mwaka 1971, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, mwaka 1973. Gari hili lilitoka kiwandani na kabureta mbili, injini ya silinda sita ya sentimita za ujazo 2,393, na Marekani liliuzwa dola 3,526 lilipoingia sokoni. Mwaka 1975 Wamarekani wakapata 280Z yenye injeksheni ya L-Jetronic. Kwa matumizi ya kila siku 280Z ni gari bora: inawaka asubuhi bila kubembelezwa, haizimi kwenye foleni, na injini ni kubwa zaidi. Pamoja na hayo, 240Z ndiyo inayokimbiliwa. Januari 2020 moja ya mwaka 1971, iliyokuwa imetembea kidogo sana, iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 310,000.

Haitakuwa haki kuilaumu injeksheni kwa tofauti hiyo yote. 280Z ina bampa nzito za sheria za Marekani na uzito zaidi, na 240Z ndiyo ya kwanza. Soko hupenda mtoto wa kwanza. Lakini mtu anayeambiwa kwamba injeksheni "inaongeza thamani" akumbuke 240Z. Na ndani ya 240Z zenyewe kuna daraja: kabureta za mwaka wa mwisho, 1973, zilizotengenezwa kwa ajili ya moshi, zilileta shida ya petroli kuchemka, na wenye magari wengi walizibadilisha kwa zile za awali. Hapa ubadilishaji hauliumizi soko sana, maana vyuma vya awali ni vya gari lilelile na vyuma vya 1973 hakuna anayevililia. Hata hivyo mwenye busara huvihifadhi.

HALI YA HEWA, FUNDI NA MAFUTA

Mwekezaji wa Nairobi ana jambo jingine ambalo mwenzake wa London halimhusu. Jiji liko karibu meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko Mombasa. Kabureta haijui hilo. Ikipimwa pwani, ikipandishwa Nairobi hutoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, plagi zinakuwa nyeusi, moshi unatoka na nguvu inapungua. Tiba ni kubadilisha jeti au kurekebisha sindano ya kabureta, kazi ya saa chache. Pampu za chuma za Bosch, kama zilizofungwa kwenye Mercedes 230 SL na Porsche 911 S, zilikuwa na kifaa cha kufuata mgandamizo wa hewa zenyewe. Kikiwa kizima ni kitu cha ajabu. Kikiwa kimekufa, hakuna jeti ya kubadilisha, na pampu nzima inasafiri kwenda Ulaya au Marekani kwa bingwa. Bili ya kufufua pampu ya aina hiyo ya Porsche huwa ya maelfu ya dola kabla ya ndege na ushuru.

Ndiyo maana hoja ya "injeksheni ni ya kisasa zaidi" haina uzito mahali ambapo hakuna mtu wa kuigusa. Fundi wa kabureta bado anapatikana Nairobi, Arusha na Kampala, japo anazeeka. Vijana wa gereji wamezoea kuchomeka kompyuta. Kwa ajabu ya mambo, kijana huyo ndiye anayeweza kuelewa L-Jetronic haraka zaidi, maana ni babu wa mifumo anayoitengeneza kila siku. Na hitilafu nyingi za L-Jetronic haziko kwenye kisanduku cha kompyuta ambacho muuzaji humtishia mnunuzi. Ziko kwenye viunganishi vya nyaya vilivyoota kutu na mipira ya hewa iliyopasuka. Gari la namna hiyo lililoshushwa bei kwa sababu "kompyuta imekufa" linastahili kutazamwa mara ya pili na mtu mwenye mita ya umeme.

K-Jetronic ya Porsche 911 za miaka ya 1974 hadi 1983 ina ugonjwa wake unaojulikana. Injini ikikohoa wakati wa kuwaka baridi, kasha la plastiki la hewa hupasuka. Kuna vali ndogo ya kuachia mgandamizo, ya bei nafuu, inayofungwa kwenye kasha hilo. Mnunuzi akiikuta ajue kwamba aliyetangulia alikuwa makini, au kasha lilipasuka mara moja akajifunza. Yote mawili ni afadhali kuliko kutoikuta.

Mafuta nayo yamebadilika. Uingereza iliingiza petroli yenye hadi asilimia 10 ya ethanoli Septemba 2021, na ethanoli hula mipira ya zamani, iwe ya kabureta au ya injeksheni. Katika kabureta matokeo yake ni kuvuja na harufu. Katika injeksheni yenye mgandamizo wa paundi 100, mpira ukipasuka petroli inarushwa juu ya injini ya moto, na gari lililokuwa la maelfu ya pauni linabaki majivu. Mabomba mapya ya mafuta si jambo la kujadiliana na muuzaji. Ni sehemu ya bei, na bila risiti yake mnunuzi ahesabu kuwa hayajabadilishwa.

Maadui wa aina zote mbili ni kukaa. Mwekezaji anayefungia gari miaka miwili akingoja bei ipande atakuta petroli imegeuka gundi. Kabureta iliyoganda inafunguliwa, inaoshwa, inafungwa kwa seti mpya ya gaskiti. Pampu ya chuma iliyoganda ndani ni habari nyingine. Kwa mtu anayenunua ili kuhifadhi, jambo hili peke yake linaegemeza mizani upande wa kabureta.

PENDEKEZO LA BEI

Kwa mwekezaji mdogo wa Afrika Mashariki, basi, gari la kwanza kufikiriwa ni lile lililotoka kiwandani na kabureta na bado linazo zilezile. Halina swali la uhalali, matengenezo yake yanahesabika, na mnunuzi wa baadaye hahitaji kusadikishwa. La pili ni la injeksheni ya asili inayofanya kazi, lenye karatasi za fundi anayejulikana kwa mfumo huo. Hilo linaweza kuzidi la kwanza kwa faida, hasa Triumph, ambako hofu ya zamani bado inashusha bei. La tatu, lililong'olewa injeksheni, lisinunuliwe ila muuzaji akubali kukata gharama yote ya kurudisha, au vyuma viwepo kwenye sanduku na vihesabiwe kimoja kimoja.

La kukwepa kabisa ni lile linaloambatana na kauli kwamba injeksheni "inahitaji tiuni kidogo tu". Ingekuwa kidogo, muuzaji angeifanya kabla ya kutangaza, maana gari linalowaka vizuri huuzwa zaidi ya gharama ya tiuni. Akisema kidogo, mnunuzi ahesabu ufufuaji mzima na kutoa bei kwa msingi huo. Muuzaji akikasirika, hakuna kilichopotea.

Wapo watakaosema kwamba kuna njia ya kati, yaani injeksheni mpya ya kompyuta iliyofichwa ndani ya umbo la kabureta ya zamani. Kwa anayetaka kuendesha kila siku ni kazi nzuri. Kwa anayetaka kuuza, ni gari lililobadilishwa kama mengine, na fedha iliyotumika huko hairudi yote.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji vyombo vya ghali. Muuzaji aombwe mapema asiwashe gari kabla mnunuzi hajafika; boneti ikikutwa ina joto, kuna kinachofichwa. Liwashwe likiwa baridi. Liendeshwe hadi lipate moto, lizimwe dakika 15, kisha liwashwe tena, kwa sababu injeksheni ya chuma inayochoka hujulikana hapo, si asubuhi. Oili inuswe: ikinuka petroli, iwe ni kabureta inayofurika au pampu inayovuja ndani, fani za injini zimekuwa zikioshwa badala ya kulainishwa. Namba za chasi na injini zinakiliwe kabla ya bei kutajwa.

Na kwa anayepanga kulileta gari nyumbani, sheria za kuingiza ndizo za kwanza kusomwa, kabla hata ya kabureta. Kenya, kwa utaratibu wake wa kawaida, hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Kwa hiyo wengi wa wasomaji watanunua magari yaliyokwishakuwapo nchini, au watayaacha Uingereza chini ya ndugu na kulipia maegesho na bima huko. Gharama hizo za kila mwaka zitolewe kwenye faida inayotarajiwa kabla ya kupeana mikono, na kwa gari la injeksheni iongezwe safari moja kwa bingwa kila baada ya miaka michache.